Mbwa Mwenye Mstari Mgongoni

Imekuwa desturi siku hizi kwamba wezi wakivunja nyumba moja mtaani, wenye nyumba kumi zilizobaki huanza kutafuta mbwa mkubwa. Wanaokuja kwangu kuulizia husema karibu maneno yale yale: "Mama, tutapata wapi mbwa mkali kama wako?" Nami nimekaa na mbwa wa mbegu hiyo kwa miaka minane hapa Jinja, na jibu langu huwavunja moyo. Huwaambia kwamba mbwa mkubwa aliye mkali ni hasara kwa mwenye nyumba kabla hajawa hasara kwa mwizi. Anayefaa ni mbwa mkubwa aliyetulia, na utulivu huo haununuliwi pamoja naye. Hujengwa nyumbani, siku kwa siku, na watu wanaoishi naye. Hilo ndilo nipendalo kulieleza leo, kwa faida ya wale wanaofikiria kuchukua mzigo huu, na zaidi kwa faida ya watoto wao.

Mbwa ninayemzungumzia hujulikana duniani kwa jina la Rhodesian Ridgeback. Rangi yake ni ya ngano iliyoiva, mara nyingine hukolea hata kuwa nyekundu ya udongo wa kichuguu. Dume hufikia sentimita 63 hadi 69 mabegani, na uzito wa kilo 36 hivi. Jike ni sentimita 61 hadi 66, na kilo 32 hivi, ingawa wapo wanaozidi. Kinachomtambulisha kwa mbali ni mstari wa nywele mgongoni. Mstari huo si kovu, wala si rangi ya kupaka, wala si dawa ya mganga, kama nilivyopata kuulizwa mara nyingi barabarani. Ni nywele zilizoota kinyume: wakati nywele nyingine zote zinalala kuelekea mkiani, hizo zinalala kuelekea kichwani. Mstari huanzia nyuma ya mabega, mahali penye mizunguko miwili ya nywele inayokabiliana, kisha hupungua upana mpaka kuishia karibu na nyonga.

Asili yake ni Afrika, jambo ambalo huwashangaza wale wanaodhani kila mbwa mwenye jina la Kizungu alikuja kwa meli. Kabla Waholanzi hawajajenga kituo chao katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo wa kusini mwa bara letu, walikwisha kuwa na mbwa wenye nywele za mgongoni zilizoota kinyume. Mbwa hao waliwinda pamoja nao mchana, na usiku walilala karibu na moto wakilinda watu na mifugo. Walowezi walileta mbwa wao wa Ulaya, wenye maumbo makubwa, lakini wengi hawakustahimili joto, kupe na maradhi ya nchi. Mbwa wa pande mbili wakachanganyika, na machotara waliozaliwa wakarithi ukubwa kwa upande mmoja na ustahimilivu kwa upande wa pili.

Katika miaka ya 1870 mmisionari mmoja, Charles Helm, alipeleka mbwa majike wawili wa namna hiyo kutoka Swellendam, kule Rasi, mpaka Hope Fountain karibu na Bulawayo. Hapo mwindaji Cornelius van Rooyen aliwapenda, akawapandisha na mbwa wake, akaendelea kuchagua na kuchanganya mpaka akapata mbwa wa kuwindia simba. Isidhaniwe kwamba mbwa hao walimuua simba. Kazi yao ilikuwa kumzunguka, kumbwekea, kumchokoza na kumkwepa, mpaka asimame mahali pamoja na mwindaji afike. Kazi hiyo haikumtaka mbwa mwenye hasira. Mwenye hasira alimrukia simba, naye hakurudi. Waliorudi nyumbani na kuzaa ni wale waliojua kusogea na kujizuia, na hao ndio mababu wa mbwa aliyelala barazani kwangu wakati naandika haya.

Mwaka 1922 Francis Barnes aliwakusanya wenye mbwa hao mjini Bulawayo, zikaandikwa sifa ambazo mbwa wa mbegu hiyo anatakiwa awe nazo. Nchi ile ikawa Zimbabwe mwaka 1980, lakini mbwa akabaki na jina la zamani, kama mtu ambaye waandikishaji walisahau kumbadilishia cheti.

Juu ya mstari wenyewe, sayansi imekwisha kutupa maelezo. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba hutokana na kipande cha urithi, chenye jeni kadhaa, ambacho kwa mbwa hawa kimejirudia. Mabadiliko hayo hayo yamo pia katika mbwa wenye mstari wa Thailand. Lakini jambo hilo lina gharama. Mtoto wa mbwa aliyerithi kipande hicho kutoka kwa baba na mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na ila moja: tundu jembamba kama uzi, linaloanzia katika ngozi ya shingoni au mgongoni na kushuka ndani, pengine mpaka kwenye uti wa mgongo. Tundu hilo huweza kuingia uchafu, likafanya usaha na kumletea mnyama mateso makubwa, na tiba yake ni kupasuliwa. Kwa hiyo anayenunua mtoto wa mbegu hii aiinue ngozi yake kwa vidole, taratibu, tangu kisogoni mpaka karibu na mkia. Akihisi kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, asilipe fedha kabla daktari wa mifugo hajamwangalia.

Tena, katika uzao mmoja huenda mmoja au wawili wakazaliwa bila mstari kabisa. Zamani wafugaji wengi waliwaua hao, wakiwahesabu kuwa aibu ya mbegu. Kumbe ni wao ambao hawakurithi kipande hicho, na hatari ya ila ile kwao ni ndogo mno. Asiyetaka mbwa wa maonyesho, bali mwenzi wa nyumbani, na amchukue huyo aliyekataliwa bila wasiwasi. Mwizi hatamgeuza kwanza aangalie mgongo.

Sasa nije kwenye tabia. Mbwa huyu ni mkimya. Anaweza kulala mchana kutwa kizingitini hata mgeni akadhani hana kazi, lakini jicho moja limo langoni. Habweki ovyo, akibweka, inafaa uinuke ukatazame. Kwa wageni hana uchangamfu wala ugomvi. Huwaacha wapite iwapo mwenyeji amewakaribisha, naye huenda kukaa mahali anapoweza kuwaona wote. Ni mwepesi wa kuelewa lakini si mwepesi wa kutii, kwa kuwa mababu zake walifanya kazi mbele ya mwindaji, wakijiamulia wenyewe. Hachelewi kuchoshwa na amri zinazorudiwa. Hupevuka polepole: kwa umbo ni mkubwa akiwa na mwaka mmoja, lakini akili ya utu uzima huja mwaka wa pili au wa tatu. Zaidi ya yote, ni mnyama mwenye moyo mwepesi wa kuumia. Fimbo haimtii adabu, bali humfundisha kwamba mkono wa mtu huleta maumivu, na mbwa wa kilo 36 mwenye somo hilo ni hatari.

Wangu ni jike, na jina lake ni Watasema. Alipewa na kaka yangu, ambaye alinunua watoto wawili wa tumbo moja huko Nairobi, dume na jike. Dume, aliyeitwa Jaribu, alimpa rafiki yake anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Jike alibaki naye mwenyewe kwa miezi 14, mpaka alipohamishiwa kazi mbali, mahali asipoweza kufuga. Ndipo akatuletea. Basi nikapata bahati ambayo wafugaji wachache huipata: nilishuhudia mbwa wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, katika mtaa mmoja, wakilelewa kwa njia mbili.

Siku Watasema alipofika nyumbani palikuwa na maoni matatu. Mume wangu alitaka afungwe mnyororo chini ya mwembe mchana, afunguliwe usiku, "ili awe mkali," kama ilivyokuwa desturi katika nyumba nyingi alizozijua. Mama mkwe, anayekaa nasi, hakutaka mbwa kabisa; alisema mnyama anayekula kama mtu na asiyetoa maziwa wala mayai hana hesabu. Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili anayeshika kila kitu, nami niliona kwamba mbwa huyo tutamzoeza kukaa na watu, la sivyo arudishwe kwa kaka. Tulizungumza siku tatu. Mwishoni mume wangu akakubali kunipa miezi mitatu bila mnyororo, kwa sharti kwamba ua utengenezwe kwanza. Tukajenga ukuta hadi usawa wa kifua cha mtu, tukaongeza waya juu yake, maana mbwa huyu huruka vizuri. Na lango tukaliwekea komeo ambalo mtoto halifikii.

Kwa Jaribu mambo yalikwenda njia ile nyingine. Mwenyeji wake hakuwa mtu katili; alifanya kama alivyoshauriwa na wengi. Alimfunga nyuma ya jiko kwa mnyororo wa hatua tano, akapewa chakula na mtu mmoja tu, ili asiwazoee wengine. Watoto wa mtaani walimtupia vijiwe kupitia ua, naye hakuweza kuwafuata wala kuwakimbia. Wataalamu wa tabia za wanyama wanasema, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuona, kwamba mbwa anayeogopa ana njia mbili: kuondoka au kuuma. Mnyororo humnyang'anya ile ya kwanza. Kila jioni tulimsikia akibweka mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamsifu kwa mwenyewe: "Hapo sasa umepata mbwa."

Mwaka wa pili, alasiri moja wakati wa likizo ya shule, mpira ulibingirika ukaingia ndani ya duara la mnyororo wake. Mtoto wa nyumba ile ile, mwenye umri wa miaka sita, aliufuata. Jaribu akamshika mkono, wala hakumwachia mpaka baba yake alipokuja na mti.

Namshukuru Mungu kwamba shangazi yake alijua la kufanya. Aliuweka mkono chini ya bomba, akauosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, huku mtoto akilia na watu wakimpigia kelele waende hospitali upesi. Kisha wakaenda. Kadi ya chanjo ya Jaribu ilitafutwa isionekane, kwa hiyo mtoto akaanzishiwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa siku ile ile, akazimaliza zote kwa tarehe zake. Wasomaji na wakumbuke sana jambo hili: dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa mtu, karibu haponi kamwe; lakini kabla ya dalili, sabuni, maji na chanjo humwokoa. Kupaka pilipili, mafuta ya taa au majani ya kupondwa ni kupoteza saa zenye thamani.

Jaribu hakuuawa siku hiyo, ingawa vijana walikwisha kuchukua mapanga. Daktari wa mifugo aliwazuia. Alieleza kwamba mbwa aliyeuma hufungiwa na kutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, ni hakika kwamba hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku alipouma. Siku 10 zikapita naye mzima. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameharibiwa tu. Baba wa mtoto hakuweza kukaa naye tena, wala hakupatikana mtu wa kumchukua, na daktari akamlaza kwa sindano. Mtoto alipona, kovu lingalipo.

Wiki ile ile watu wakaja langoni kwetu. Hawakuja kwa fujo. Walikuja na mwenyekiti wa kijiji, wakakaa chini ya mwembe, wakasema waziwazi: yule aliyeuma mtoto na huyu wenu ni damu moja, basi huyu naye aondolewe kabla hajaonja. Sikuweza kuwaona wabaya, kwa kuwa nami ni mama, na mkono ule ungaliweza kuwa wa mtoto wangu. Watasema alikuwa amelala kibarazani, kichwa juu ya miguu ya mbele, akiwatazama wote hao. Hakunguruma. Lakini ukimya wa mbwa si ushahidi mbele ya mzazi mwenye hofu.

Mtu aliyezungumza kwanza upande wetu hakuwa mimi wala mume wangu. Alikuwa mama mkwe. Alisema, "Mimi mbwa huyu simpendi, na ndani ya nyumba haingii. Lakini sitasema uongo juu yake. Mjukuu wangu humwangukia akiwa usingizini, naye huinuka akaenda kulala kwingine. Yule mwingine alikuwa na wapi pa kwenda?" Watu wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja aliujua ule mnyororo.

Kisha akasema mzee mmoja jirani yetu, mtu wa swala tano, ambaye nyumba yake inapakana na yetu. Alisema katika dini yao mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, ila mate yake ni najisi, na jirani ana haki ya kupita barabarani nguo zake zikiwa safi. Akasema tena kwamba mlinzi naye hutaka mlinzi wake. Akaomba tuwekewe masharti, tukiyavunja mbwa aondoke. Mwenyekiti akayaandika yakawa manne: ua na lango viwe imara siku zote, kadi ya chanjo ionyeshwe kwa mwenyekiti kila mwaka, mbwa asitoke bila kamba na mtu mzima, na asipitishwe njia ya msikitini nyakati za swala. Tukatia sahihi. Karatasi ile ingali kwenye droo ya kabati, na kila mwaka mume wangu humpelekea mwenyekiti kadi, hata mwaka ambao mwenyekiti mpya hakujua ni ya nini.

Hayo ndiyo yaliyonifundisha kwamba kumtunza mbwa mkubwa ni kazi ya nyumba nzima na ya mtaa pia. Sasa nieleze utunzaji wenyewe, kwa ufupi, kama tunavyoufanya.

Kwanza ni malezi ya utotoni. Tangu mtoto wa mbwa anapoletwa, akiwa na wiki nane hivi, mpaka afike miezi mitatu na nusu, moyo wake uko wazi kuliko wakati mwingine wowote. Katika muda huo na aone watu wa kila namna: wazee wenye bakora, akina mama wenye vikapu kichwani, watoto wanaokimbia, mwenye mwavuli, mwendesha bodaboda. Asilazimishwe, akaribie mwenyewe, apewe kipande cha chakula na neno zuri. Asiyewaona watu katika umri huo huwaogopa maishani, na hofu ndiyo mama wa kuuma. Mafunzo yawe mafupi, dakika tano au kumi, mara mbili au tatu kwa siku, na yaishe mbwa akiwa amefurahi. Azoeshwe pia kuku na mbuzi mapema akiwa kwenye kamba, kwa sababu damu ya uwindaji haijamtoka.

Pili ni chakula. Watasema hula ugali, au posho kama tunavyouita hapa, uliopikwa pamoja na dagaa wa ziwani, yaani mukene, waliooshwa mchanga ukatoka. Mara mbili kwa wiki huongezewa mapafu au maini. Nyama za ndani lazima zichemshwe sawasawa, kwa maana zikiliwa mbichi huweza kumpa minyoo ambayo mayai yake humdhuru hata binadamu. Mifupa iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vyenye ncha vikatoboa utumbo. Wala asipewe vitunguu. Mtoto wa mbegu kubwa asinenepeshwe haraka, wala asiongezewe chokaa ya dawa bila agizo la daktari: mifupa na nyonga zake zinahitaji muda kukomaa.

Chakula cha mbwa mzima kigawanywe mara mbili kwa siku, na baada ya kula apumzike saa moja au zaidi kabla ya kukimbia. Mbwa wenye vifua virefu kama huyu hupatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Ukimwona amevimba tumbo, hatulii, anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje asubuhi. Ni jambo la saa chache kati ya uhai na kifo.

Tatu ni kupe. Nywele zake ni fupi, na hilo ni neema, kwa sababu mkono huwahisi. Kila jioni mtoto wetu, ambaye sasa ana miaka kumi, humpapasa masikioni, kwapani na kati ya vidole, akiwaondoa mmoja mmoja. Dawa ya kupulizia au kuogeshea itumike kwa kipimo cha daktari. Ile ya kuogeshea ng'ombe isikisiwe kwa macho. Mwaka wa nne Watasema alikataa chakula, fizi zake zikawa nyeupe na mkojo ukakolea kama chai ya rangi. Aliyegundua ni mama mkwe, ambaye aliniambia kwa sauti ya kutojali kwamba "yule wako" hakuja kumsindikiza bustanini asubuhi. Daktari alipima damu, akakuta homa ya kupe. Alipona kwa sindano, na kwa mchuzi wa nyama ambao mpaka leo hakuna mtu aliyekiri kuupika.

Nne ni chanjo na uzazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa kwa tarehe anayoiandika daktari katika kadi. Zipo na nyingine za kuzuia maradhi yanayoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu. Jike ambaye hamkusudii azae na afungwe uzazi. Hupunguza watoto wanaotupwa majalalani, ambao ndio hubeba kichaa mitaani.

Tano ni watoto wa nyumba. Mbwa hata awe mwema kama malaika, asiachwe peke yake na mtoto mdogo. Mtoto naye ana masomo yake: asimguse mbwa anayekula, asimwamshe kwa kumrukia, asimkumbatie shingo mbwa asiyemjua, asimkimbie anayemfuata bali asimame kimya mikono ikiwa chini. Nimeyafundisha hayo kwa wangu na kwa watoto wa majirani, langoni, Watasema akiwa ameshikwa kamba. Yule mwenye kovu mkononi alichukua miaka miwili kabla ya kukubali kusimama karibu. Hakuna aliyemsukuma. Siku moja alinyoosha kidole, akaugusa ule mstari, akasema, "Kumbe ni nywele tu."

Watasema sasa ana miaka tisa, na kidevu chake kimepata mvi. Mbwa wa mbegu hii huishi miaka 10 hadi 12 hivi, kwa hiyo anayemchukua mtoto leo ajue anaweka ahadi ya muda mrefu kuliko shule ya msingi. Ajihesabie chakula cha kila siku, fedha za daktari, ua imara, matembezi asubuhi na jioni, na mtu nyumbani mwenye subira. Mwenye hayo yote atapata mlinzi ambaye mwizi humwona kwa mbali akaamua kupita, na ambaye mtoto anaweza kujikwaa juu yake bila kudhurika. Asiye na hayo asione haya. Na anunue kufuli zuri, taa ya nje na komeo la chuma. Kufuli halili, haliugui, wala halikumbuki kupigwa.